Watoto wa Rochester na tezi iliyoshtakiwa bure

Kati ya mwaka 1926 na 1957, madaktari wa Rochester, jimbo la New York nchini Marekani, waliwapiga watoto wachanga mionzi kifuani kama tiba. Wale waliokuja kufuatiliwa na watafiti baadaye walizidi 2,600. Wapo waliokuwa wakikoroma wanapopumua, wapo waliokohoa, na wapo ambao hawakuwa na lolote. Kilichowakutanisha ni picha ya eksirei iliyosemekana kuonyesha kwamba tezi yao ya thimasi ni kubwa mno. Mtaalamu wa mionzi wa leo akiwekewa nyingi ya picha za aina ile mbele yake ataandika mstari mmoja tu, "thimasi ya kawaida kwa umri", na mtoto atarudi nyumbani na mama yake.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya madaktari wajinga wa zamani. Sikubali. Walipima uzito kwa gramu, walipasua maiti kwa mamia, walisoma picha kwa makini. Walipokosea ni pale walipochagua wa kumlinganisha naye mtoto. Na kinachokifanya kisa kiwe cha ajabu ni kwamba kosa lenyewe lilizaliwa na kazi ya tezi hiyo, kazi ambayo hadi mwaka 1961 hakuna aliyekuwa ameithibitisha.

Tuanze na tezi. Thimasi imekaa nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo na mbele ya bomba la hewa. Ni vipande viwili vya nyama laini, vyenye rangi ya waridi iliyopauka kwa mtoto. Mtoto huzaliwa nayo ikiwa na gramu 10 hadi 15 hivi, nayo huendelea kukua hadi gramu 30 au 40 karibu na balehe, kisha nyama yake huanza kupisha mafuta taratibu. Ukiipima kwa kulinganisha na mwili mzima, haiwi kubwa tena kama ilivyo siku za mwanzo za uhai. Aliyewahi kumchuna mwanambuzi mchanga ameiona hata kama hakuijua jina: imejaa kifuani na kupanda shingoni pande zote mbili za koo, laini kuliko nyama yoyote iliyo jirani nayo. Kwa beberu mzee utaitafuta usiipate.

Hofu ya tezi hii ni ya kale. Mwaka 1614 Felix Platter, tabibu wa Basel, aliandika juu ya mtoto aliyekufa ghafla. Alipompasua akakuta thimasi imejaa. Mwaka 1830 Mjerumani Johann Heinrich Kopp akaupa ugonjwa huo jina, pumu ya thimasi, akidai kwamba tezi hulibana bomba la hewa hadi mtoto akakata roho. Alitokea aliyepinga mapema. Alexander Friedleben aliichunguza tezi kwa kina, na mwaka 1858 akachapisha hukumu yake bila kuzungusha maneno: pumu ya thimasi haipo. Ingeweza kuishia hapo.

Haikuishia, kwa sababu mwaka 1889 Arnold Paltauf wa Vienna aliihamisha hoja mahali ambapo haikukamatika. Alisema tezi haiui kwa kubana. Kuna watu, kwa maelezo yake, ambao miili yao yote ina kasoro ya kimaumbile. Thimasi kubwa na tezi za limfu zilizojaa ni alama tu za kasoro hiyo, na mtu wa namna hiyo anaweza kufa kwa mshtuko mdogo sana: sindano, maji baridi, nusukaputi. Hali hiyo ikapewa jina refu la Kilatini, status thymicolymphaticus. Ukiwauliza wafuasi wake watajuaje kwamba mtu anayo, jibu lilikuwa kwamba amekufa ghafla na thimasi yake ni kubwa. Ukiwauliza kwa nini amekufa ghafla, jibu ni kwamba alikuwa na hali hiyo. Duara limefungwa, na mle ndani daktari yuko salama.

Kuna jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Jina hili halikupendwa kwa sababu ya ushahidi wake tu, lilipendwa kwa sababu lilikuwa na faida. Zama zile klorofomu ndiyo iliyokuwa ikitumika kulaza wagonjwa, na mara kwa mara mtoto mwenye afya njema aliyeingia kukatwa tezi za koo alifia mezani dakika za mwanzo. Mzazi yuko nje, mchunguzi wa vifo anauliza maswali. Jina la Kilatini kwenye cheti lilimwambia kila mtu kwamba mtoto alizaliwa na kifo chake mwilini, na aliyeshika chupa ya dawa hana lawama. Lakini mwaka 1911, jijini London, Goodman Levy alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba klorofomu nyepesi ikikutana na adrenalini huuvuruga moyo ukatetemeka badala ya kupiga. Maana yake mtoto mwenye hofu, anayelia na kupigana na kitambaa cha dawa, ndiye aliye hatarini kuliko wote. Maelezo ya kweli yalikuwepo, ila yaliunyooshea kidole mkono wa daktari. Jina la Kilatini liliendelea kuandikwa kwenye vyeti kwa miaka mingi baada ya hapo.

Kubwa kuliko ya nani?

Wataalamu wa maiti walikuwa na wazo lao la thimasi ya kawaida: ndogo, imenywea. Wazo hilo walilitoa kwenye meza za kupasulia, na waliolala kwenye meza zile hawakuwa watu wa kila namna. Wengi walikuwa maskini waliofia hospitalini au kwenye nyumba za kuhifadhia mafukara, baada ya wiki au miezi ya homa, kuhara, kifua kikuu na njaa. Uingereza, kwa mfano, sheria ya anatomia ya mwaka 1832 iliruhusu miili ya mafukara isiyodaiwa na ndugu ipelekwe kwenye vyuo vya udaktari. Watoto wa matajiri walifia vitandani kwao na kuzikwa bila kupasuliwa.

Sasa mwili ukikaa katika dhiki, uwe ni ugonjwa, njaa au hofu ya muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za msongo, na homoni hizo huziua chembe changa zilizojaa ndani ya thimasi. Ndani ya siku chache tezi hunywea. Hans Selye aliliona jambo hili kwa panya wake kule Montreal, akaliandika mwaka 1936: mnyama aliyeteswa kwa baridi, sumu au majeraha alikuwa na tezi za figo zilizovimba na thimasi iliyosinyaa. Kabla yake, Msweden J. August Hammar wa Uppsala alikuwa ametumia miaka mingi kupima thimasi za watu waliokufa kwa ajali wakiwa na afya yao, akionya kwamba kipimo halali ni hicho. Hata vita vya kwanza vya dunia vilitoa ushahidi: vijana waliouawa vitani ghafla, wamekula na kulala vizuri, walikutwa na thimasi kubwa kuliko vitabu vilivyosema.

Ni kama kuweka kipimo cha uzito wa watoto wa nchi nzima kwa kuwapima waliolazwa wodi ya utapiamlo, kisha mtoto wa kwanza mwenye mashavu ukamwandikia dawa.

Kwa hiyo mtoto aliyekufa ghafla, kabla ugonjwa haujapata muda wa kumdhoofisha, alipofika kwenye meza alikuwa na thimasi ya mtoto mwenye afya. Pembeni ya zile zilizonywea ilionekana jitu. Waliouona ukubwa wakasema ndio uliomuua. Ukweli ulikuwa kinyume: ukubwa ulikuwa ushahidi kwamba hadi saa chache kabla ya kifo mtoto huyo hakuwa akiumwa.

Tiba inayofanya kazi kila mara

Mwaka 1903 ilikuwa imeonekana kwamba mionzi ya eksirei huziangamiza chembe za limfu upesi. Mwaka 1907 Alfred Friedländer wa Cincinnati akatangaza kwamba amemtibu mtoto mwenye thimasi kubwa kwa mionzi na amepona. Ukifikiria, ni tiba isiyoweza kushindwa. Thimasi ikipigwa mionzi hakika itasinyaa, na picha ya pili itaonyesha hivyo. Mkoromo wa mtoto mchanga mara nyingi huisha wenyewe anapokua na njia yake ya hewa kukakamaa. Na kwa kuwa watoto wengi hawakuwa wagonjwa tangu mwanzo, karibu wote walipona. Daktari aliyewatibu hamsini na kuwaona hamsini wakikua alikuwa na kila sababu ya kuamini mikono yake. Hakuwa na hamsini wengine ambao hawakuguswa.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye chumba cha picha, maana mengi yaliamuliwa mle. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kuambiwa "vuta pumzi, shikilia". Mmoja anamshika mikono juu ya kichwa, mwingine miguu, naye analia. Anapolia hutoa pumzi ndefu. Kifua hushuka, kiwambo kilicho chini ya mapafu hupanda, na kila kilicho katikati ya kifua hujikunja na kutanuka pembeni. Picha ikipigwa wakati huo, thimasi hujaa fremu. Ikipigwa anapovuta pumzi kabla ya kilio kinachofuata, thimasi ile ile huwa nyembamba. Mtoto mmoja, sekunde chache, matokeo mawili. Akigeuzwa upande kidogo tu, kivuli kinakuwa kikubwa zaidi.

Na picha zenyewe zilikuwa na ushahidi wa kumtetea mtoto, laiti mtu angeusoma. Ukingo wa thimasi ya kawaida mara nyingi una mawimbi madogo, kila wimbi likiangukia penye ubavu. Ni kwa sababu tezi ni laini kiasi kwamba mbavu huiachia alama. Kitu kinachokubali kuandikwa na mbavu za mtoto wa miezi mitatu kitalibanaje bomba la hewa hadi lizibe? Alama nyingine ni kivuli cha pembetatu upande wa kulia, chenye ncha kali chini, ambacho wataalamu wa mionzi wanakiita tanga. Siku hizi mwanafunzi wa radiolojia hufundishwa tanga mapema kabisa, ili asije akaliandikia ripoti ya ugonjwa.

Ripoti za kuupinga ugonjwa huu hazikukosekana. Mwaka 1927 Major Greenwood na Hilda Woods, wataalamu wa takwimu za tiba nchini Uingereza, waliipitia hoja nzima na kuionyesha kuwa ni ngano iliyojijenga juu ya uchunguzi mbovu. Kamati iliyoundwa Uingereza ikakusanya vipimo vya thimasi za watu waliokufa ghafla, ikavilinganisha inavyotakiwa, na mwaka 1931 Young na Turnbull wakatoa taarifa yake: hakuna ushahidi kwamba hali hiyo ipo. Hii ni 1931. Rochester waliendelea kwa miaka 26 zaidi, na hawakuwa peke yao. Kwingine Marekani zilikuwepo hospitali zilizowapiga watoto mionzi kama kinga, kabla ya dalili yoyote. Mimi siamini kwamba taarifa hazikuwafikia. Taarifa ya takwimu ilikuwa inashindana na kumbukumbu ya daktari ya mtoto aliyefia mikononi mwake, na upande wa pili ilikuwepo mashine ghali iliyokwisha kununuliwa na mzazi anayeuliza kwa nini haitumiki.

Ndugu zao

Thimasi haikai peke yake. Sentimita chache juu yake, shingoni, ipo thairoidi, na kwa mtoto mchanga mwenye shingo fupi boriti ya mionzi iliyolengwa kifuani huifikia kwa urahisi. Kwa wastani thairoidi za watoto wa Rochester zilipata kipimo cha takribani grei 1.4 (grei ni kizio cha kupimia mionzi iliyoingia mwilini), maelfu ya mara zaidi ya kile cha picha moja ya kifua ya leo.

Mwaka 1950, New York, Duffy na Fitzgerald walichapisha taarifa ya watoto na vijana 28 wenye saratani ya thairoidi, ugonjwa ambao kwa umri huo ni nadra. Takribani theluthi moja walikuwa wamepigwa mionzi ya thimasi utotoni. Wenyewe hawakudai makubwa, waliliandika kama jambo la kuangaliwa. Miaka mitano baadaye Simpson, Hempelmann na Fuller wakatoa matokeo ya kwanza ya Rochester, na jibu likawa baya.

Louis Hempelmann hakuwa mgeni wa mionzi. Wakati wa vita alikuwa daktari mkuu wa afya kule Los Alamos, mahali lilipotengenezwa bomu la atomiki, na aliwaona kwa macho yake watu wakifa kwa mionzi. Alipohamia Rochester alifanya jambo ambalo waliotoa tiba hii hawakuwa wamelifanya: alitafuta wa kulinganisha nao kwa haki. Aliwachukua ndugu wa damu wa watoto waliotibiwa, waliokulia nyumba moja, meza moja, maji yale yale, ila hawakulala chini ya mashine. Kundi hilo lilifuatiliwa kwa miongo kadhaa, na kazi ikaendelezwa na wengine baada yake. Katika taarifa ya mwaka 1993, kati ya waliopigwa mionzi wapatao 2,650, waliopata saratani ya thairoidi walikuwa 37. Kati ya ndugu zao zaidi ya 4,800, walikuwa 5.

Halafu matiti. Wanawake 1,201 waliotibiwa wakiwa wachanga walilinganishwa na dada zao 2,469. Taarifa ya mwaka 1989 ilihesabu saratani 22 upande wa waliotibiwa na 12 tu upande wa dada zao, ingawa dada hao walikuwa zaidi ya mara mbili kwa idadi. Kifua cha mtoto wa kike wa miezi mitatu hakina matiti ya kuonekana, lakini chembe zitakazoyajenga zipo tayari, na zilikumbuka.

Tezi inafanya nini, basi

Haya yote yakiendelea, vitabu vilikuwa vinasema thimasi haina kazi inayojulikana. Ukimwondolea tezi hiyo mnyama aliyekwisha kukua, haonekani kudhurika, anakula na kutembea. Aliyelifumbua fumbo hakuwa akilitafuta. Jacques Miller, aliyezaliwa Nice mwaka 1931 na kukulia Shanghai kisha Australia, alikuwa London akisomea shahada ya uzamivu katika Taasisi ya Chester Beatty. Alikuwa anachunguza virusi vinavyosababisha saratani ya damu kwa panya, ugonjwa unaoanzia kwenye thimasi. Ili ajue kama virusi vinahitaji tezi hiyo tangu mwanzo, ilibidi aitoe kwa panya aliyezaliwa siku hiyo hiyo, kiumbe chenye uzito wa gramu moja na kitu.

Panya wale waliishi vizuri hadi walipoachishwa kunyonya, kisha wakaanza kukonda na kufa, hata wasiopewa virusi. Miller akawapima damu: limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, zimepungua sana. Akawapasua: maini yamejaa alama za maambukizi. Akawapandikizia ngozi ya panya wa ukoo mwingine. Panya wa kawaida huitupa ngozi ya kigeni ndani ya siku 10 au 12. Hawa waliikubali, ikashika na kuota manyoya ya rangi ya panya aliyetolewa ngozi hiyo. Hata ngozi ya panya-buku, mnyama wa jamii nyingine kabisa, haikukataliwa. Taarifa ilitoka kwenye jarida la Lancet mwezi Septemba 1961.

Wakubwa hawakushawishika. Peter Medawar, mshindi wa Nobel wa mwaka 1960 kwa kazi yake ya kinga na upandikizaji, alisema mwaka 1963 kwamba kuwepo kwa limfosaiti ndani ya thimasi kutakuja kuonekana kuwa ajali ya mageuko isiyo na maana kubwa. Wengine wakasema panya wa Miller walikuwa wachafu, wamedhoofishwa na maradhi ya banda. Miller akaenda Marekani na kurudia jaribio kwa panya waliofugwa bila kijidudu chochote. Hao hawakukonda, ila ngozi ya kigeni waliendelea kuikubali. Yaani upungufu ulikuwa wa kinga yenyewe, na kilichowaua wale wa mwanzo ni vijidudu vilivyokuta mlango wazi. Akiwa Melbourne mwaka 1968, pamoja na Graham Mitchell, alionyesha kwamba limfosaiti ni aina mbili: zinazotoka kwenye thimasi, tunazoziita leo seli T, na zinazotoka kwenye uboho na kutengeneza kingamwili, seli B, ambazo mara nyingi haziwezi kazi bila msaada wa zile za kwanza.

Kinachofanyika ndani ya thimasi ni mchujo mkali. Chembe changa huja kutoka kwenye uboho, na kila moja hujitengenezea kipokezi chake kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu. Kwenye tabaka la nje la tezi, chembe ambayo kipokezi chake hakiwezi kabisa kuzitambua protini ambazo mwili hutumia kuonyeshea vipande vya vijidudu huachwa ife. Zilizobaki huingia ndani zaidi, na huko hukutana na seli zenye uwezo wa pekee: kwa kuongozwa na jeni iitwayo AIRE, huonyesha protini za viungo vya mbali, insulini ya kongosho mojawapo. Chembe inayoirukia insulini ya mwili wake huuawa au hugeuzwa kuwa mlinzi wa kutuliza wenzake. Wanaofaulu ni wachache mno, 5 katika kila 100 au pungufu. Jeni ya AIRE ikiharibika, mwili huanza kuzishambulia tezi zake wenyewe.

Ndiyo maana tezi hii hunywea mwili unapodhikika: imejaa chembe changa zinazokufa kwa urahisi, na kazi ya kuzizalisha ni ya gharama. Mwili ulio vitani na homa hauanzi kufundisha askari wapya.

Msomaji makini atauliza: mbona watoto wa Rochester hawakukonda na kufa kama panya wa Miller? Majibu ni mawili. Binadamu huanza kutoa seli T kwenye damu akiwa bado tumboni, miezi kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo mtoto mchanga ana akiba ambayo panya wa siku moja hana. Pili, thimasi iliyosinyazwa na mionzi hukua tena, kama ilivyo kwa mtoto anayepona ugonjwa mzito. Bahati hiyo ndiyo iliyoficha kosa. Watoto wangeanguka kwa maambukizi ndani ya mwaka, tiba ingesimamishwa mapema.

Kwenye meza ya leo

Siku hizi wasiwasi ni juu ya thimasi ndogo. Kule Gambia, kijijini Keneba, watoto waliopimwa kwa ultrasaundi walikuwa na thimasi ndogo zaidi msimu wa njaa, kabla ya mavuno, na tayari ilikuwa imeonekana mwaka 1997 kwamba waliozaliwa msimu huo hufa zaidi wakishafika ujana. Kwa daktari wa watoto wa Afrika Mashariki hilo si geni: mtoto mwenye unyafuzi anayekuja na nimonia bila homa, au surua inayomgeuka, ana thimasi ambayo huwezi kuiona kwenye picha.

Kosa la zamani nalo halijatoka mjini. Kwenye vituo vyetu, ambako mtoto mwenye kikohozi kirefu anashukiwa kifua kikuu, katikati ya kifua pakionekana pana mtu huweza kufikiri ni mitoki, yaani tezi za limfu zilizovimba, au tanga likaitwa nimonia ya sehemu ya juu ya pafu la kulia. Wa kumuuliza kwanza ni bomba la hewa. Mitoki ya kifua kikuu hulisukuma na kulifinya. Thimasi hulala mbele yake na kuliacha palepale. Penye shaka, ultrasaundi ya dakika chache hutatua bila mionzi.

Kwa wapasuaji wa moyo, tezi hii iko njiani. Ili kuufikia moyo wa mtoto, mara nyingi hukatwa sehemu au yote. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa haina gharama. Mwaka 2023 watafiti wa Boston walitoa taarifa ya watu wazima 1,146 walioondolewa thimasi, wakiwalinganisha na wenzao waliopasuliwa kifua bila kuondolewa. Ndani ya miaka mitano walikufa asilimia 8.1 upande mmoja na 2.8 upande wa pili. Utafiti wa kuangalia nyuma hauthibitishi chanzo, lakini unatosha kumfanya mpasuaji aulize kama kipande kinaweza kubaki.

Na wapo wanaozaliwa bila tezi kabisa, kama alivyoeleza Angelo DiGeorge wa Philadelphia mwaka 1965. Ni wachache sana, na mara nyingi huja na moyo wenye kasoro na kalsiamu iliyoshuka. Kwetu chanjo ya BCG hutolewa siku za mwanzo, nayo ina bakteria hai. Kwa mtoto asiye na seli T inaweza kusambaa mwilini. Mtoto mchanga mwenye kasoro ya moyo na degedege la kalsiamu, ambaye picha yake haina kivuli cha thimasi, anastahili hesabu ya limfosaiti kabla ya sindano hiyo, na akihitaji kuongezewa damu, damu atakayopewa ipigwe mionzi kwanza ili chembe za mtoaji zisimshambulie.

Tiba yao ipo, ingawa kwa sasa ni ya mbali na ya bei kubwa. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Duke na kuidhinishwa Marekani mwezi Oktoba 2021. Vipande vya thimasi iliyokatwa kwa watoto wanaofanyiwa upasuaji wa moyo, ambayo zamani ilikwenda na taka, hukuzwa maabara kwa wiki mbili au tatu, kisha hushonewa kwenye msuli wa paja la mtoto asiyekuwa nayo. Chembe zake mwenyewe husafiri kutoka kwenye uboho hadi pajani kuchujwa. Huchukua miezi 6 hadi 12, pengine zaidi, kabla seli T za kutosha hazijaonekana kwenye damu, na muda wote huo mtoto hukingwa na wageni, watoto wenzake na mafua ya nyumbani.